Ndiyo, La na Matikiti Maji: Wakenya Walivyobishania Katiba

Katiba ya Kenya ina ibara 264. Tarehe 4 Agosti 2010 mpiga kura aliulizwa swali moja tu kuhusu zote: unaikubali au unaikataa? Hapakuwa na kisanduku cha "nakubali, ila ile ya mahakama za kadhi sitaki". Tunaanzia hapo kwa sababu wengi bado hudhani kila aliyepiga La alikuwa adui wa mageuzi. Wapo waliotamani karibu yote yaliyoandikwa, wakashindwa kumeza ibara moja au mbili.

Na La iliwahi kushinda. Tarehe 21 Novemba 2005, rasimu iliyojulikana kwa jina la Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, iliangushwa kwa asilimia 58 hivi ya kura. Alama ya Ndiyo ilikuwa ndizi, ya La ilikuwa chungwa. Lalamiko kubwa: wajumbe wa mkutano wa katiba wa Bomas walikubaliana kumpunguzia rais mamlaka, kisha rasimu yao ikachokorwa na mamlaka hayo yakarudishwa. Siku mbili baadaye Rais Mwai Kibaki alilivunja baraza lake la mawaziri, na lile chungwa likazaa chama cha ODM.

Mwaka 2010 alama zilikuwa rangi: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa La. Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waliipigia debe Ndiyo. Waziri William Ruto, rais mstaafu Daniel arap Moi na viongozi wengi wa makanisa walikuwa La. Mwanasiasa aliyevaa kijani jukwaani huku moyoni ni mwekundu aliitwa tikiti maji.

Soma ibara kwanza

Mahakama za kadhi zilikuwamo tangu katiba ya uhuru, kutokana na makubaliano juu ya ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Ibara ya 170 inazipa mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena pale tu pande zote ni Waislamu na wamekubali kuamuliwa huko. Makanisa yaliuliza kwa nini dini moja itengewe mahakama ndani ya katiba. Swali hilo ni la haki, na kujibu kwamba "zilikuwapo zamani" hakulimalizi.

Uavyaji mimba ulizua hasira zaidi. Ibara ya 26 inasema uhai huanza mimba inapotungwa, na inakataza uavyaji isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Wapinzani waliona neno "afya" ni mlango mpana mno; watetezi waliona bila neno hilo kina mama wangeendelea kufa. Wote walikuwa wakisoma mstari uleule.

Ardhi nayo? Ibara ya 68 haitaji idadi ya ekari. Inaliagiza Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya binafsi. Hofu ya wenye mashamba haikutoka hewani.

Nakala uliyopewa pia ikague. Mei 2010, katika nakala zilizochapishwa na serikali, maneno "usalama wa taifa" yalikutwa yamepenyezwa kwenye ibara ya kuwekea haki mipaka. Bunge halikuwa limeyapitisha.

Na ubishi una mpaka wake: Juni 13, milipuko iliua watu kwenye mkutano wa maombi wa La katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi.

Baada ya kura

Ndiyo ilipata takriban theluthi mbili. Bonde la Ufa pekee, kati ya mikoa 8, lilikataa. Katiba ilizinduliwa tarehe 27 Agosti. Ruto, kinara wa La, aliapa kuilinda akiwa naibu wa rais mwaka 2013, kisha akiwa rais mwaka 2022.

Asiyeridhika bado ana njia. Ibara ya 257 inaruhusu wananchi kuanzisha marekebisho kwa saini za wapiga kura milioni 1. Mpango wa kurekebisha katiba ulioitwa BBI ulipopitia njia hiyo, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 31 Machi 2022 kwamba rais hawezi kuitumia.