Tangazo bila bei: nani hulipa gharama ya kuuliza?

INAUZWA. Cherehani ya mguu, Singer, hali nzuri. Bei ni maelewano. Piga simu.

Matangazo ya aina hii yamejaa kwenye nguzo za stima, kwenye kuta za maduka na katika makundi ya WhatsApp ya mitaani. Jina la kitu lipo, namba ya simu ipo, na mara nyingi picha mbili tatu zipo pia. Kinachokosekana ni jambo la kwanza ambalo kila msomaji anataka kulijua. Makala haya yanaeleza kwa nini watu wanaouza vitu vilivyotumika huacha bei, hasara humwangukia nani, na namna muuzaji na mnunuzi wanavyoweza kujikinga.

Chukua mfano wa msichana aliyemaliza mafunzo ya ushonaji katika chuo cha ufundi. Zamu yake ya chama imefika na ana Sh9,000. Anaona tangazo la cherehani, anapiga simu kuuliza bei, na kuambiwa, "Wewe njoo uione kwanza, bei tutaelewana." Analipa matatu Sh150, kisha bodaboda Sh100. Anafika, anaikagua, inampendeza, halafu anatajiwa Sh16,000. Hata wakipunguziana mpaka jioni, pesa zake haziwezi kufika hapo. Anarudi nyumbani akiwa ametumia Sh500 za nauli na siku nzima ya kazi. Akifanya safari tatu za namna hiyo, Sh1,500 zimekwenda, yaani sehemu moja kwa sita ya pesa alizokuwa nazo, na bado hana cherehani.

Hakuna aliyemwibia. Muuzaji naye ameacha shughuli zake kumpokea mgeni ambaye hangeweza kununua. Kama bei ingeandikwa, wote wawili wangelijua hilo kabla ya safari.

Wanauchumi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka wa 1961, George Stigler wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye baadaye mwaka wa 1982 alipewa Tuzo ya Nobel, aliandika kwamba kujua bei ni kitu chenye gharama yake. Alitumia mfano wa magari ya Chevrolet ya aina moja katika jiji la Chicago: wauzaji mbalimbali walitaja bei kuanzia dola 2,350 hadi 2,515. Gari lilikuwa lile lile, na tofauti hiyo ilidumu kwa sababu mnunuzi hawezi kuwazungukia wauzaji wote bila kutumia muda na pesa. Kila mlango anaobisha una nauli yake. Hayo yalikuwa magari mapya yanayofanana. Kwa vitu vilivyotumika, ambapo kila kimoja kina mikwaruzo yake na historia yake, pengo la bei huwa pana zaidi na kuulizia ni kazi kubwa zaidi.

Kwa nini basi wauzaji huacha bei? Wengi huamini kwamba bei humfukuza mteja, na kwamba akishafika na kukiona kitu atalainika. Kuna ukweli kidogo hapo. Mtu aliyelipa nauli huona uchungu kurudi mikono mitupu, na anaweza kuongeza pesa ambazo hakupanga kuzitumia. Lakini hesabu hiyo humwona tu yule aliyefika. Haiwahesabu waliosoma tangazo wakapita.

Wengine huacha bei ili wamtazame mnunuzi kwanza. Aliyekuja na gari hutajiwa bei moja, aliyekuja kwa miguu hutajiwa nyingine, na lafudhi ya mtu kwenye simu inaweza kupandisha bei kabla hajamaliza salamu. Ndiyo maana watu wengi humtuma fundi au binamu akaulize kwa niaba yao. Mazungumzo ya bei si kosa, na soko lolote la mitumba lingepoteza ladha yake bila hayo. Tofauti ni kwamba sokoni mteja yuko mbele ya vibanda ishirini, na akitajiwa bei mbaya anahamia kibanda cha pili bila nauli yoyote. Anayefunga safari hadi nyumbani kwa muuzaji mmoja hana nafasi hiyo.

Ipo sababu nyingine ambayo ina uzito kuliko inavyokubaliwa: majirani. Mama anayeuza jokofu ili alipe karo hataki mtaa mzima ujue kwamba wiki hii ana Sh15,000 ndani ya nyumba. Wadeni watakuja, shemeji atakuja, na pengine mwizi naye. Huyu anastahili kueleweka. Njia inayomfaa ni kuacha bei nje ya tangazo la wazi, lakini kuitaja papo hapo kwa ujumbe wa simu kwa kila anayeuliza, na iwe bei moja kwa wote. Faragha yake inalindwa na mnunuzi hasafiri gizani.

Wauzaji wanaoumia zaidi, hata hivyo, ni wale wasioijua bei yenyewe.

Mfano wa pili ni wa mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani imekaa kona ya sebule miaka miwili. Mama hajawahi kununua wala kuuza kitu kama hicho, kwa hivyo anaona ni heri aache bei wazi asikie watu watasema nini. Tangazo lake linafanana neno kwa neno na lile la kwanza. Anayepiga simu mapema ni dalali anayejua vizuri bei za mjini, naye bila kusita anataja Sh4,000. Kuanzia hapo mazungumzo yote yanazunguka hiyo Sh4,000. Mama anajitahidi, anapandisha, anapandisha tena, na wanakubaliana Sh5,500. Anafunga mlango akiamini ameshinda, kwa sababu ameongezewa Sh1,500.

Nguvu ya namba inayotajwa kwanza ilipimwa na wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman, waliochapisha matokeo yao mwaka wa 1974. Waliwazungushia watu gurudumu lenye namba kutoka 0 hadi 100, kisha wakawauliza ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa zilikuwa za Afrika. Gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na swali. Hata hivyo, kwa kundi lililoonyeshwa namba 10, makadirio ya katikati yalikuwa asilimia 25, na kwa kundi lililoonyeshwa 65 yalikuwa asilimia 45. Ikiwa namba ya gurudumu inaweza kuvuta akili hivyo, namba inayotajwa na mnunuzi mzoefu kwa sauti ya uhakika itavuta zaidi. Muuzaji asiyeandika bei huwa amempa mwenzake nafasi ya kutaja namba hiyo ya kwanza.

Na yule msichana mwenye Sh9,000? Aliliona tangazo la mjane pia. Lakini alikuwa ameshachoma nauli, na aliposoma "bei ni maelewano" akapita. Mama aliuza kwa Sh5,500 huku mtu aliyekuwa tayari kumlipa hadi Sh9,000 akiwa wadi ya pili. Pengo la Sh3,500 likawa la dalali, na msichana akabaki bila kazi kwa muda zaidi.

Kutafuta bei ya kuandika hakuhitaji utaalamu. Kwanza ni kuuliza watu watatu wasiokuwa na nia ya kununua: fundi anayetengeneza vitu hivyo, mtu anayeviuza sokoni, na mtu aliyenunua kimoja hivi karibuni. Swali la kuuliza ni "kiliuzwa ngapi?" na si "wanauza ngapi?", kwa maana bei iliyotajwa na bei iliyolipwa mara nyingi si moja. Mjane akisikia Sh9,500, Sh10,000 na Sh11,000, na fundi akimwambia mkanda na ukarabati mdogo utagharimu Sh800, anajua kwamba cherehani yake ina thamani ya takriban Sh9,000. Anaandika Sh10,000, anaongeza "inapungua kidogo", na ile Sh9,000 anaiweka moyoni kama mpaka wake. Tangazo lake sasa linasomeka hivi:

Cherehani ya mguu, Singer, inashona vizuri, mkanda unahitaji kubadilishwa. Sh10,000, inapungua kidogo. Ipo karibu na soko, kuiona ni Jumamosi.

Kutaja kasoro ya mkanda kunampunguzia mabishano. Mnunuzi akifika anaijua tayari, na hawezi kuitumia kuangusha bei mara ya pili.

Vipo vitu ambavyo bei yake haijulikani kwa kweli, kama mlango wa zamani wa kuchongwa au mashine ambayo haitengenezwi tena. Hapo muuzaji anaweza kutaja kiwango cha chini na siku ya mwisho ya kupokea bei za watu, kama vile mnadani. Neno "kuanzia" lisitumiwe kama chambo lakini. Anayeandika "kuanzia Sh5,000" na huku hana chochote cha Sh5,000 amefanya vibaya kuliko aliyenyamaza. Kwa mfanyabiashara jambo hilo linaweza kumfikisha pabaya, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010 inakataza wenye biashara kutoa maelezo ya uongo kuhusu bei. Jirani anayeuza kochi lake mara moja si mfanyabiashara na sheria hiyo haimlengi yeye, lakini wanunuzi nao hawasahau.

Baadhi ya wauzaji huhofia kwamba wakiandika bei watalazimika kumuuzia yeyote atakayeileta. Kanuni ya mikataba haisemi hivyo. Kesi inayotajwa sana ni ya Uingereza, ya mwaka wa 1968, ya mtu aliyetangaza ndege wa mwituni katika gazeti la wafugaji wa ndege kwa shilingi 25 kila mmoja. Alishtakiwa kwa kosa la kutoa ndege hao wauzwe. Mahakama ikaamua kwamba tangazo lile, ingawa lilikuwa na bei, lilikuwa mwaliko tu wa kuwaita watu waje na bei zao. Kwa kawaida, basi, mwenye tangazo bado ana uhuru wa kukubali au kukataa hadi pale wanapoelewana.

Mnunuzi naye ana wajibu wake kabla ya kupanda matatu. Ujumbe mfupi wenye adabu unatosha: "Hujambo mama, nimeona tangazo la cherehani. Natoka mbali kidogo, naomba kujua bei unayotarajia kabla sijapanga safari." Muuzaji mwenye nia atajibu. Anayekataa kabisa kutaja hata makadirio amejibu pia, na nauli ibaki mfukoni. Wapo wanaoshauri mnunuzi ataje kwanza pesa alizonazo. Inaokoa muda kama safari ni ndefu, lakini basi ataje kiasi kilicho chini ya uwezo wake, maana hapo yeye ndiye anayeweka namba ya kwanza.

Jibu la kuogopwa ni lile la "tuma kidogo nikushikie, bei tutaongea ukifika." Arbuni inatolewa kwa bei iliyokubaliwa na kwa kitu kilichoonekana. Pesa iliyotumwa kabla ya hapo haijashikilia chochote, na mara nyingi simu hiyo huzimwa. Kwa simu za mkononi, mnunuzi abonyeze *#06# aone namba ya IMEI na ailinganishe na ya risiti au boksi. Bei ikishuka ghafla kupita kiasi mara tu wanapokutana, na risiti haipo, ni vyema kuondoka. Kupokea mali ya wizi huku mtu ana sababu ya kuamini kwamba imeibwa ni kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 14.

Kati ya watu wanaojuana, hatari huja kwa sauti ya upole zaidi: "Chukua tu, ni wewe, bei tutaongea baadaye." Jokofu linabebwa, miezi inapita, na mmoja alikuwa na Sh8,000 akilini huku mwenzake akiwa na Sh20,000. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba pale bei isipoamuliwa, mnunuzi atalipa bei ya kadiri, na kadiri hiyo hutegemea mazingira ya kila shauri. Yaani jirani hao wawili wataletewa bei na mtu wa tatu. Sheria hiyo hiyo inasema mkataba wa kuuza bidhaa za Sh200 au zaidi hauwezi kutekelezwa mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arbuni au malipo ya sehemu, au yawepo maandishi yaliyotiwa sahihi na yule anayedaiwa.

Karatasi moja ya daftari inatosha kwa maandishi hayo: kitu chenyewe na namba yake kama anayo, bei iliyokubaliwa, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, tarehe, majina na sahihi za wote wawili. Kila mmoja abaki na nakala, au angalau picha yake kwenye simu. Mzozo ukitokea, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya uuzaji wa bidhaa yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inaitaka iamue katika siku 60. Mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na karatasi ile ndiyo ya kwanza kuulizwa.