Kikuza cha Awali Kimoja kwa Mifumo Miwili ya Spika

Mji wa Singida umejengwa juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake unajulikana nchi nzima. Shule ya huko inapowaita wazazi mkutanoni, ukumbi hujaa, na wanaobaki huketi nje chini ya miti. Ndipo inapohitajika mifumo miwili ya sauti: amplifaya moja na spika zake ukumbini, na nyingine yenye spika za honi uwanjani. Msemaji ni mmoja, na maikrofoni ni moja. Kinachosimama kati ya maikrofoni hiyo na amplifaya zote mbili ni kikuza cha awali, na uteuzi wake ndio huamua kama walioketi nje watasikia maneno au mvumo tu.

Maikrofoni ya kawaida hutoa milivolti chache, ilhali amplifaya huhitaji volti 1 hivi ili ifanye kazi kwa nguvu zake zote. Kikuza cha awali huipandisha ishara hiyo mara mamia kadhaa. Muuza duka atasifu taa zake na wingi wa vitufe vyake. Sifa muhimu zaidi kwa kazi hii haionekani kwa macho, nayo ni ukinzani wa mlango wa kutokea. Hesabu yake yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote aliyekwisha kujifunza kanuni ya Ohm.

Na ichukuliwe kwamba kila amplifaya ina ukinzani wa omu 50,000 kwenye mlango wake wa kuingilia. Zikiunganishwa sambamba, ukinzani wa pamoja huwa omu 25,000. Dukani kuna vikuza viwili: cha kwanza kina ukinzani wa omu 10,000 kwenye mlango wa kutokea, na cha pili kina omu 500. Volteji hugawanyika kama inavyogawanyika katika vikinzani viwili vilivyopangwa mfululizo. Kwa kikuza cha kwanza, amplifaya hupata 25,000 ÷ 35,000, yaani asilimia 71 ya volteji; kwa cha pili hupata 25,000 ÷ 25,500, yaani asilimia 98. Mafundi hufuata desturi kwamba ukinzani wa pamoja wa vinavyoendeshwa usipungue mara 10 ya ukinzani wa chombo kinachoviendesha. Kikuza cha kwanza hakifikii kipimo hicho.

Mnunuzi aweza kujibu kwamba upungufu huo hauna neno, kwani utafidiwa kwa kuongeza volyumu. Angekuwa na haki kama vyombo vyote vingewekwa juu ya meza moja. Lakini amplifaya ya uwanjani iko mbali, na hapo ndipo kebo inapoanza kudai haki yake. Kebo ya ishara ina waya wa ndani, kisha plastiki, kisha ala ya nyaya zilizosukwa. Umbo hilo ni umbo la kapasita. Kebo nyingi huwa na kapasitansi ya pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Basi mita 60 zina nanofaradi 6. Mawimbi ya mitetemo mingi hupita kirahisi katika kapasita na kurudi yalikotoka kabla ya kufika kwenye amplifaya.

Mpaka wa upungufu huo hupatikana kwa kugawanya 1 kwa 2πRC. Hapa R ni ukinzani wa kikuza ukiwa sambamba na ule wa amplifaya mbili. Kwa kikuza cha kwanza R ni omu 7,100 hivi, na mpaka ni hezi 3,700: hapo nguvu ya ishara imekwisha kupungua nusu, na juu zaidi huendelea kushuka. Kwa kikuza cha pili mpaka ni hezi 54,000, mbali kupita uwezo wa sikio la binadamu, ambao huishia karibu na hezi 20,000.

Nguvu kubwa ya irabu iko chini ya hezi 3,000, hivyo irabu hupita salama katika vikuza vyote viwili. Sauti ya s hutegemea mitetemo ya juu ya hezi 4,000. Ikipotea, msikilizaji hashindwi kusikia. Hushindwa kutambua kama msemaji ametamka "sumbua" au "fumbua". Kuongeza volyumu hakusaidii, maana irabu huongezeka pamoja nayo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio ili wajifunze kinga ya maradhi. Katika kazi ya namna hiyo, neno lisilotambulika ni somo lililopotea.

Jambo ambalo wengi hawalitazamii ni kwamba kebo ya uwanjani huharibu pia sauti ya ukumbini. Amplifaya zote mbili zikinywa katika mlango mmoja, kapasitansi ya kebo ndefu huwa juu ya mlango huo, na wote hupata ishara ile ile iliyofifia. Kwa hiyo kikuza bora kwa kazi hii ni chenye milango miwili ya kutokea, kila mmoja na sakiti yake ya mwisho na volyumu yake. Kama mlango ni mmoja wenye ukinzani mdogo, waya wa pacha waweza kuugawa kwenda amplifaya mbili bila madhara. Kinyume chake hakifai: milango miwili ya kutokea isiunganishwe kwa pacha kwenda amplifaya moja, kwani kila mmoja huwa mzigo kwa mwenzake.

Pengine amplifaya zote ziwekwe ukumbini, na waya wa spika ndio upelekwe nje? Yawezekana. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, mita 60 kwenda na 60 kurudi, una ukinzani wa omu 1.4 hivi. Mbele ya spika ya omu 8, takriban asilimia 15 ya volteji hubaki njiani. Ni hasara inayovumilika, na maneno hubaki safi.

Mpango huo una faida nyingine. Amplifaya mbili zikichomekwa katika soketi za majengo mbalimbali, ala ya kebo hufunga mzunguko kati ya nyaya mbili za ardhi, na spika huvuma kwa hezi 50 za umeme wa gridi. Wapo mafundi wanaokata waya wa ardhi ili kuunyamazisha mvumo. Tendo hilo ni la hatari kubwa: waya wenye umeme ukigusa kasha la amplifaya, ala ya kebo huweza kuufikisha hadi kwenye maikrofoni iliyo mkononi mwa msemaji. Dawa yake ni kutumia soketi za sehemu moja, au transfoma ya ishara yenye mizunguko sawa pande zote mbili. Vijijini, amplifaya inayotumia betri ya volti 12 kwa kawaida haipatwi na mvumo huo.

Mwalimu aweza kuupima ukinzani wa mlango wa kutokea darasani. Kikuza hupewa mlio mmoja usiobadilika wa hezi 400, na voltimita ya mkondo geu huwekwa mlangoni, ishara ikiwa ndogo, volti 0.1 hivi. Kisha kikinzani badilifu huunganishwa sambamba na voltimita na kupunguzwa polepole mpaka volteji ishuke nusu. Thamani ya kikinzani wakati huo ndiyo ukinzani unaotafutwa.