Unanunua Mashine ya Msasa? Iwashe Kwanza, Ndio Ulipe

Kama nyumbani kwako Kitale au Bungoma kuna meza ya mvule iliyopauka, usiitupe. Ipige msasa, ipake vanishi mpya, itakaa miaka mingine mingi. Swali ni je, ununue mashine?

Piga hesabu kwanza
Tuseme mashine ni shilingi 6,000, na fundi anataka 1,500 kwa kila meza. Mashine itajilipa ukimaliza kazi nne. Lakini kama una stuli moja tu, karatasi za msasa na kipande cha mbao cha kuzishikilia zinatosha.

Chagua kulingana na kazi
• *Ya mkanda* inakula mbao haraka. Inafaa mbao nene, tambarare. Usiipitishe kwenye plaiwudi, kwa sababu tabaka la juu ni jembamba na litaisha mara moja.
• *Ya duara*, ile inayozunguka huku ikitikisika, haiachi mikwaruzo mingi. Kwa meza na milango ya kabati, anza na hii.
• *Ndogo ya pembe tatu* ni ya kona na katikati ya miguu ya viti.

Ukiambiwa grainda yenye diski ya msasa itafanya kazi hiyo hiyo, kuwa makini. Inazunguka kasi sana na mkono usiozoea utachimba mashimo.

Anza na msasa namba 80 kutoa vanishi ya zamani, kisha 120, umalizie na 180. Namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Fanyia kazi nje na uvae maski: tangu 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeorodhesha vumbi la mbao kati ya vitu vinavyosababisha saratani. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hivyo weka watoto mbali.

Sasa, pesa
Ukinunua ya mtumba, soma kibandiko. Stima yetu ni volti 240. Mashine ya Marekani ya volti 120 ukiichomeka moja kwa moja itaungua.

Muuzaji yuko Kitale nawe uko Bungoma, na anasema utume pesa yote ndio aweke mzigo kwenye matatu? Usikubali. Nauli ya kwenda kuiona ni ndogo kuliko bei ya mashine. Ukifika, iwashe, isikie ikinguruma dakika chache, uliza juu ya waranti.

Ukiridhika, lipa kwa namba ya till ya duka. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo; kama si la duka hilo, simama hapo hapo uulize. Ujumbe wa malipo usiufute, ndio ushahidi wako mashine ikirudi na shida. Na PIN yako ni yako peke yako, hata muuzaji akiwa jirani.