Macho Mekundu na Mkono Wenye Jeraha: Wajibu wa Watumishi wa Zahanati Wasio Matabibu

Kijiji cha Muze kimo katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya magenge ya Lyamba lya Mfipa. Mji wa Sumbawanga uko juu, katika uwanda wa Ufipa. Katika vijiji vya namna hii, mtu wa kwanza kumwona mgonjwa afikapo zahanati aghalabu si tabibu, bali ni mlinzi aliye langoni, karani wa mapokezi au mfagizi wa baraza. Watumishi hawa hawatibu, lakini huyaona mambo ambayo tabibu, katika dakika chache za kumpima mgonjwa, huenda asiyaone.

Nani yumo hatarini?

Mtu mzima aliye hatarini ni yule ambaye, kwa sababu ya uzee, ulemavu, maradhi ya akili au kuwategemea wengine, hawezi kujilinda kwa urahisi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 au zaidi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba, katika mwaka mmoja, mzee mmoja kati ya 6 hutendewa vibaya: hupigwa, hutishwa, hunyang'anywa mali au hutelekezwa.

Kosa la macho mekundu

Katika Tanzania, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi, wako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Sayansi hueleza jambo hilo kwa njia nyingine. Moshi wa kuni au wa samadi kavu, katika jiko lisilo na dirisha, huwasha utando wa jicho. Mishipa midogo ya damu hutanuka, na jicho huwa jekundu. Mwanamke aliyepika hivyo kwa miaka 50 amejeruhiwa na moshi. Ugonjwa wa trakoma, unaoletwa na bakteria, nao huharibu macho.

Tazama kosa lilivyotendeka. Wekundu wa macho ni jambo lililoonekana. Uchawi ni hukumu iliyotungwa juu yake bila kutafuta sababu nyingine.

Alama za mwilini

Mtumishi wa zahanati naye hana budi kujihadhari na kosa hilohilo. Kwa mfano, bibi kizee anafika akiwa na mpwa wake, naye ana michubuko mkononi. Je, amepigwa? Ngozi ya mzee ni nyembamba na mishipa yake ni dhaifu, hivyo hata kugonga mlango huacha alama. Rangi ya alama peke yake haionyeshi kwa hakika ni ya siku ngapi. Hata hivyo, anayeanguka aghalabu huumia magoti, viwiko au paji la uso. Alama shingoni, masikioni au ndani ya mkono wa juu zahitaji kuangaliwa zaidi. Kadhalika mpwa akimjibia bibi kila swali, au bibi akinyamaza kila mpwa asogeapo, hayo nayo ni mambo ya kuangaliwa. Dalili moja haitoshi. Dalili kadhaa zikikutana, haifai kunyamaza.

La kufanya

Kwanza, mtumishi amsikilize mgonjwa mahali pa faragha, bila kumhoji kama askari wala kumwahidi siri ambayo haitawezekana kutunzwa.

Pili, aandike aliyoyaona na maneno yaleyale ya mgonjwa, pamoja na tarehe na saa. Aandike "alama mbili shingoni", asiandike "amenyongwa".

Tatu, amweleze mganga mfawidhi siku hiyohiyo. Huyu ndiye atakayewasiliana na afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Habari hizo zisifike sokoni, kwani uvumi waweza kuua.

Nne, akumbuke kwamba mtu mzima si mtoto. Mwenye akili timamu ana haki ya kuulizwa anataka nini. Lakini maisha yakiwa hatarini, msaada uombwe mara moja. Majeruhi naye asirudishwe langoni kwa kukosa karatasi. Uhai hutangulia fomu.

Mtumishi huyu si tabibu wala hakimu. Kazi yake ni kuona sawasawa, kuandika kwa ukweli na kutoa habari kwa anayehusika. Bibi aliyehukumiwa kwa macho yake angeweza kuokolewa na mtu mmoja tu wa namna hiyo.

Maswali

1. Taja sababu mbili za macho kuwa mekundu.
2. Eleza tofauti kati ya jambo lililoonekana na hukumu. Toa mfano wa kijijini kwako.
3. Kwa nini rangi ya mchubuko haitoshi kuwa ushahidi?