Majina ya Programu Ambazo Hazijaiva

Watu wa pwani hawaiiti nazi kwa jina moja tangu inapotoka kwenye ua. Kwanza ni kidaka, halafu kitale, kisha dafu, ndipo koroma, na mwisho nazi yenyewe. Mtu aliyeagiza nazi za kukamua tui akiletewa madafu, ana haki ya kukasirika. Sisi wa Songwe si watu wa minazi, lakini mfano huo utatusaidia kufahamu somo hili, yaani majina ya programu za kompyuta na simu kabla hazijakamilika.

Mtengenezaji wa programu hawezi kuyaona makosa yake yote peke yake. Kwa hiyo huitoa mapema ili ijaribiwe, naye huipa jina la kuwaonya wanaoipokea. Jina la kwanza ni alfa, herufi ya kwanza ya Kiyunani. Programu ya alfa bado inajengwa, na kwa kawaida hujaribiwa na watengenezaji wenyewe. La pili ni beta. Hiyo kwa kawaida ina sehemu zake zote, ila makosa hayajaisha, na watu wa nje hukaribishwa kuyatafuta. Baada yake huja RC, ambayo ni kama koroma: lisipoonekana kosa kubwa, hiyo hiyo hutolewa kwa watu wote.

Majina haya huandikwa nyuma ya namba. Katika utaratibu uitwao Semantic Versioning, 1.0.0-alpha hutangulia 1.0.0-beta, nayo hutangulia 1.0.0-rc.1. Iliyokamilika ni 1.0.0 isiyo na mkia. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana hudhani yenye mkia mrefu ndiyo mpya kuliko zote. Tena kompyuta ikipanga majina kama kamusi ipangavyo maneno, beta11 itakaa mbele ya beta2, kwa sababu 1 hutangulia 2. Utaratibu huo huziba mwanya kwa kutia nukta, beta.2 na beta.11, ili namba isomwe kama namba.

Wako waliopenda majina ya kupendeza zaidi. Programu ya Ushahidi, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2008 kukusanya habari za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilipewa majina ya miji ya Afrika: toleo la 2.0 la mwaka 2010 liliitwa Luanda, kisha zikaja Tunis na Juba. Ubuntu, ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu utu, ilianza mwaka 2004 kwa jina la ngiri, na matoleo yake ya majaribio yakaitwa Sounder, neno la Kiingereza la kundi la nguruwe. Mimi nayapenda majina hayo, lakini nani atajua kwa kusikia tu kwamba Tunis ilitangulia Juba, au kwamba kundi la nguruwe ni kitu cha kujaribiwa? Kwa toleo la 8.04, la mwaka 2008, watu wa Ubuntu walikuwa wamekwisha kurudi kwenye neno Alpha.

Nimeandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani Tunduma wakati wa likizo. Kaka yangu ni wakala wa fedha karibu na mpaka. Alisoma neno beta katika simu yake, akalidhani maana yake ni bora zaidi, akakubali mfumo mpya. Asubuhi programu ya fedha ilikataa kufunguka, na madereva wa malori wakasimama dukani wakinung'unika.

"Kaka, rudisha mfumo wa zamani," nilimwambia.

Akaurudisha. Lakini simu haitoki katika beta ya namna ile bila kufutwa yote, nasi hatukulijua hilo. Orodha ya wadeni wake ilikuwa ndani. Siku hizi anaiandika katika daftari la karatasi, na watatu katika wadeni wale wanasema hawakumbuki walikopa kiasi gani.