Bomba la Moshi Linapopandishwa Angani

Apitaye barabara ya Bububu, kilomita zipatazo 8 kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, huweza kuisikia daladala iliyopasuka ekzosi kabla ya kuiona. Abiria hukunja nyuso, na dereva huendelea na safari zake mpaka jioni apate nafasi ya kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Fundi hulala chini ya gari, husugua kutu, huuziba ufa, na kesho yake gari limo njiani. Baada ya majuma machache ufa hurudi. Mwanafunzi mwenye macho atagundua kwamba aghalabu haurudi katika mshono wenyewe, bali kando yake, mahali ambapo chuma kilipashwa moto na kupoa bila ya kuyeyuka.

Ufa huo wafaa kuwa somo, kwa sababu injini za magari hazibaki chini daima. Mwaka 1929, huko Minnesota, Marekani, Bernard Pietenpol alirusha ndege ya mbao aliyoiunda mwenyewe, nayo iliendeshwa kwa injini ya gari la Ford. Baada yake wapo waliotumia injini za Volkswagen, Chevrolet na Subaru. Katika Afrika ya Mashariki, magazeti ya mwaka 2010 yaliandika habari za mkazi wa Nyeri, Kenya, aliyeunda ndege nyumbani kwake akitumia injini ya Toyota. Sababu ni nyepesi kueleweka: injini ya ndege itokayo kiwandani ni ghali mno, ilhali ya gari hupatikana kwa bei ya mtumba.

Watu wengi wanaofikiria kazi hiyo hushughulikia rafadha, mabawa na uzito. Bomba la moshi huachwa mwisho, kama kwamba ni mfereji wa kutolea maji machafu. Hapo ndipo kosa lilipo.

Injini ya daladala haifanyi kazi kwa nguvu zake zote ila kwa muda mfupi, kama vile kupanda kilima au kulipita gari jingine. Muda mwingi hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na kila kituo huipumzisha. Katika ndege mambo hugeuka. Wakati wa kuruka injini hutoa nguvu zake zote, na baada ya hapo huweza kutakiwa itoe kiasi cha robo tatu ya nguvu hizo kwa saa nzima au zaidi, bila ya kituo. Gesi itokayo katika silinda huweza kufikia nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi. Bomba hilohilo lililodumu miaka chini ya gari sasa huwa jekundu kwa joto.

Mwalimu na awaeleze wanafunzi wachukue kalamu. Tuseme bomba la chuma kisichoshika kutu lina urefu wa sentimita 70, nalo linapashwa moto kutoka nyuzi 30 hadi 630. Kila mita ya chuma hicho hurefuka kwa takriban sehemu 17 za milioni moja za mita, yaani mita 0.000017, kwa kila nyuzi moja ya joto. Basi:

0.70 × 0.000017 × 600 = mita 0.00714

Hizo ni milimita 7 na zaidi kidogo. Injini yenyewe, ambayo hupozwa kwa maji au hewa, hairefuki kiasi hicho. Ikiwa bomba limefungwa kwa bolti kwenye injini upande mmoja, na upande wa pili limekazwa kwenye kiunzi cha ndege, milimita hizo zitakwenda wapi? Bomba litajipinda, au litavuta bolti, au litapasuka. Kwa hesabu nyingine, urefu umeongezeka kwa asilimia 1. Chuma cha namna hiyo huanza kuharibika umbo moja kwa moja kinapovutwa au kubanwa kwa asilimia 0.1 au 0.2 tu.

Joto peke yake lingetosha, lakini kuna mtetemo. Katika injini ya silinda nne yenye mipigo minne, kila mzunguko huleta milipuko miwili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, bomba hupigwa mara 6,000 kwa dakika, sawa na mara 360,000 kwa saa. Kabla ya kutimia saa tatu za kuruka, mapigo yamepita milioni moja. Hakuna hata pigo moja kati ya hayo lenye nguvu ya kuvunja chuma. Hata hivyo chuma huchoka. Ufa usioonekana kwa macho huanzia penye mkwaruzo, penye kona kali au kando ya mshono, na kila pigo huusogeza mbele kidogo. Jaribio lake halihitaji maabara: mwanafunzi achukue kipande cha waya, akikunje na kukikunjua mahali pamoja, ahesabu mara ngapi hata kikatike. Kisha arudie kwa waya uliokwaruzwa kwanza kwa tupa, alinganishe idadi mbili hizo.

Katika gari, ufa hugharimu kelele na ujira wa fundi. Katika ndege, gesi yenye moto hutoka ndani ya boma dogo la injini pamoja na mipira ya petroli na nyaya za umeme. Lakini hatari iliyo ya siri zaidi haitokani na moto.

Petroli inapoungua bila ya oksijeni ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Injini ya ndege inapotakiwa kutoa nguvu nyingi mara nyingi hupewa petroli ya ziada ili ipoe, na hivyo gesi hiyo huongezeka katika moshi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Watu wa kwetu wanaijua kwa msiba wake mwingine: jiko la mkaa lililoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa. Rubani huanza kwa kuumwa kichwa, kisha huchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa hajitambui kuwa amechanganyikiwa.

Tarehe 21 Januari ya mwaka 2019, ndege ndogo ya Piper Malibu ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey, ikiwa imemchukua mchezaji wa mpira Emiliano Sala kutoka Nantes kwenda Cardiff. Ripoti ya wachunguzi wa Uingereza, iliyotolewa Machi 2020, ilieleza kwamba asilimia 58 ya himoglobini katika damu ya mchezaji huyo ilikuwa imeshikwa na kaboni monoksidi, na kwamba yaelekea rubani naye aliathirika na gesi kutoka mfumo wa moshi. Ndege hiyo ilitoka kiwandani, si ya kuundwa nyumbani. Aliyechomelea bomba lake mwenyewe ana sababu zaidi ya kuwa na hadhari.

Dawa haimo katika kutumia chuma kinene, ingawa hilo ndilo wazo la kwanza la kila mtu. Bomba nene ni zito, na uzito wake huning'inia kwenye bolti zilezile zinazotetemeka. Waundaji wenye uzoefu huliruhusu bomba lisogee. Hulikata na kuliunga kwa kiungo cha kuteleza, bomba moja likiingia ndani ya jingine, au kwa kiungo cha mviringo kilichoshikwa na springi. Uzito wake hubebwa na injini yenyewe, ili vyote vitetemeke pamoja, wala haukazwi kwenye kiunzi cha ndege. Bomba la gari, ambalo ncha yake ya nyuma huning'inizwa kwa mipira chini ya bodi, lafuata kanuni hiyohiyo ya kuachiwa nafasi.

Sailensa nayo ina tahadhari yake. Vibao vya ndani vikichomoka huweza kuziba njia, na injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya. Treni ya mvuke iliyoanza kwenda Bububu mwaka 1905 ilitegemea jambo lililo karibu na hilo: mvuke uliokwisha kazi ulirushwa kupitia dohani ili uvute hewa motoni.

Ukaguzi hufanywa bomba likiwa baridi. Michirizi ya kijivu au myeupe kwenye maungio huonyesha mahali gesi inapopenya. Njia ya hakika zaidi ni kupuliza hewa kidogo ndani ya bomba, kupaka maji ya sabuni nje, na kutazama mapovu. Mafundi wa baiskeli hutafuta pancha kwa namna hiyohiyo.

Zoezi. Bomba la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa sentimita 45 linapashwa moto kutoka nyuzi 25 hadi 675. (a) Litarefuka kwa milimita ngapi? (b) Injini ya silinda nne inayolitumia huzunguka mara 4,000 kwa dakika. Itachukua muda gani kulipiga bomba mara milioni 10? (c) Tembelea karakana iliyo karibu, uombe kuona ekzosi iliyotupwa, uchore picha yake na kuonyesha ufa ulianzia wapi.