Tangi la choo linajaa polepole

SWALI: Nyumba yetu iko Kashikishi, Nchelenge, karibu na Ziwa Mweru. Ukishavuta maji chooni, tangi linachukua karibu nusu saa kujaa. Fundi anasema ninunue tangi jipya. Ni kweli?

JIBU: Usinunue, dada. Tangi mara nyingi halina kosa. Kosa liko njiani, kabla maji hayajaingia.

Anza na koki ndogo ya ukutani. Huenda mtu aliifunga nusu akasahau. Ikiwa wazi, ifunge kabisa, fungua mpira wa maji upande wa tangi, uelekeze kwenye ndoo, kisha ufungulie koki. Maji yakitoka kwa nguvu, tatizo ni valvu ya boya. Yakichuruzika, tatizo liko kwenye bomba, koki au simtanki.

Kwa maji ya ziwani nashuku mchanga. Pale mpira unapoungana na valvu huwa kuna kichujio kidogo cha plastiki, nacho huziba kwa mchanga na ukoko wa kijani. Kichomoe kwa koleo, kisugue kwa mswaki wa zamani, ukirudishe. Wengi hukitupa, matokeo yake mchanga hukwama ndani ya valvu.

Kama simtanki lenu liko mita 2 tu juu ya choo, presha ni kama bar 0.2. Valvu ya presha kubwa ina tundu dogo mno kwa presha hiyo. Dukani omba ya presha ndogo. Bei yake haikaribii ya tangi.